Boti Iliyoandikwa Wakili

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, wiki chache baada ya matokeo ya Fomu Foo kutoka, wakati mtaa wote wa Manyatta ulikuwa umeshajua nani amepata nini. Nilikuwa nyuma ya kaunta ya duka la fotokopi, ng'ambo ya geti la kampasi, nikipanga karatasi za watu. Mwenye duka, Mama Zuhura, aliweka miwani yake juu ya mashine akaniambia, "Hebu lete hiyo karatasi ya matokeo niione kwa macho. Masikio yangu yamechoka kuambiwa."

Kabla sijafika mbali, niseme jambo moja. Mimi si mzee. Nina miaka ishirini na saba, na mtoto mmoja wa kike aliye Gredi ya Tatu. Anayetaka nasaha za mwenye mvi aende kwa mwenye mvi, wapo wengi na wanapenda kuongea. Lakini wazee wengi hukupa kosa lao likiwa limeshapoa, limepambwa, limekuwa hadithi tamu. Langu bado ni la moto, na nitakupa hivyo hivyo. Nakuita mwanangu kwa sababu vijana kama wewe huja kwenye kaunta yangu kila mwaka na simu mkononi, wakiuliza wachague kozi gani, na nusu yao hawaulizi kwa ajili yao wenyewe. Naona midomo ya watu wengine ikiongea kupitia yao.

Jina langu ni Akoth. Maana yake nilizaliwa mvua ikinyesha, basi. Lakini tangu nikiwa darasa la tano, watu wa kwetu Dunga, ufuoni mwa ziwa, waliniita Wakili. Ilianza na mbuzi. Mjomba wangu alitaka kumchapa binamu yangu kwa kupoteza mbuzi, nami nikasimama katikati nikamuuliza mjomba maswali matatu: nani alimfunga mbuzi, kwa kamba gani, na hiyo kamba iko wapi sasa. Kamba ilikuwa mkononi mwa mjomba mwenyewe. Alimfungua asubuhi akasahau. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. "Huyu ni wakili! Huyu ni wakili!" Siku hiyo jina likanishika. Wewe unajua jinsi sisi watu wa ziwa tunavyopenda sifa. Kwetu kuna ile tunaita pakruok: sherehe ikipamba moto, mtu anasimamisha muziki, anajitaja au anamtaja wake kwa jina la sifa, na watu wanashangilia. Basi kila sherehe, hata ya mazishi, baba yangu alisimamisha muziki. "Mimi ni baba ya Wakili! Msinishike, nina wakili nyumbani!" Nami nilikuwa na miaka kumi na mbili.

Sikuwahi kujiuliza kama napenda sheria. Unauliza vipi kama unapenda jina lako?

Wakati wetu kozi za chuo kikuu zilichaguliwa shuleni, kabla hata ya mtihani. Matokeo yakitoka, serikali inafungua mtandao ili wanaotaka kubadilisha wabadilishe. Nafasi za kujaza zilikuwa kadhaa. Mimi nilijaza sheria, sheria, sheria, mpaka mwisho wa ukurasa, nikibadilisha vyuo tu. Mwalimu alikuja nyuma yangu akasoma.

"Akoth, jaza na nyingine. Biashara, uchumi, kitu."

"Mwalimu, wakili hana nyingine."

Darasa likapiga meza. Mwalimu akaenda zake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hiyo niliiandika kwenye insha ya Kiswahili mwaka huo huo na sikuona kama inanihusu.

Sasa turudi kwa Mama Zuhura na miwani yake. Yeye ni mtu wa Kaloleni, mzaliwa wa hapa hapa Kisumu, bibi yake mzaa mama alitoka pwani akiwa kwenye msafara wa biashara na hakurudi. Kiswahili chake kilinitisha. Alikuwa amefungua lile duka kabla mimi sijazaliwa, na kazi yake kubwa ilikuwa kubaindi: wanafunzi wakimaliza utafiti wao wa mwaka wa nne, wanamletea karatasi, anazitoboa, anazivisha jalada gumu na kuzishika kwa waya. Nakala zilizoharibika alizihifadhi kwenye boksi chini ya kaunta na kuzisoma wateja wakipungua. Alikuwa akisema, "Mimi sikwenda chuo kikuu, ila chuo kikuu chote kimepita hapa kikiwa uchi."

Akavaa miwani, akaisoma karatasi yangu polepole, kidole kikishuka.

"B ya jumla. Mashallah. Kiingereza?"

Aliiona, lakini alitaka niseme mwenyewe.

"C plas."

"Kiswahili?"

"B minas."

"Sheria inataka B kamili kwenye mojawapo ya hizo mbili. Wewe unayo ipi?"

Nikazipanga upya karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

"Nimekuuliza, Wakili."

"Hakuna."

"Basi hapo hata ulie machozi ya damu."

"Lakini Mama, si nina B ya jumla?"

"Askari wa geti hakuulizi una nguo ngapi nyumbani, mwanangu. Anakuuliza kitambulisho. Huna, unarudi."

Nikasema kile nilichokuwa nacho, na nilikuwa na hicho tu. "Lakini watu wote wananiita Wakili."

"Hao watu wote," akasema, "ni nani kati yao aliyekaa na wewe kwenye chumba cha mtihani?"

Mteja aliyekuwa akisubiri kopi ya kitambulisho chake alicheka. Mama Zuhura hakucheka. Kidole chake kilikuwa kimeshuka hadi kwenye Hesabu, kikasimama hapo.

"Na hii A minas ni ya nani?"

"Yangu."

"Na Biashara, A minas nyingine. Umezificha kwa nini? Kila siku unaimba sheria, sheria, nikajua Kiingereza chako kinatoa cheche. Kumbe mtoto ana hazina na amekalia kopo tupu."

Sikuzificha. Hakuna aliyeniuliza. Dunga nzima hakuna aliyewahi kusimamisha muziki kwa sababu ya Hesabu.

Akainama chini ya kaunta akatoa boksi lake. Akaweka mbele yangu vitabu vinne vyenye majalada yaliyopinda, kimoja kimoja, kama mama anavyopanga samaki mezani. "Hii ni sheria. Kurasa mia, na chini ya kila ukurasa kuna maandishi madogo ya kusema jambo hili nimelitoa kwa nani. Wanasoma mpaka macho yanatoka maji, na wote wanaandika Kiingereza. Hii ni biashara: huyu alichunguza kwa nini wauzaji wa mitumba wa soko la Kibuye wanahama na wateja wao wanawafuata. Hii ni mambo ya fedha, bima na benki: huyu aliuliza kwa nini watu wa bodaboda hawataki bima mpaka waanguke. Na hii ni uchumi. Chukua usome. Usifungue mdomo mpaka umalize."

Nilisoma ule wa uchumi mchana wote, nikisimama tu kuhudumia watu. Aliyeuandika alikuwa amekaa kwenye fuo za ziwa miezi kadhaa akiuliza bei ya omena, dagaa wetu wa ziwani: inapanda lini, inashuka lini, nani anaijua kabla ya nani. Alikuwa amechora mistari. Na mwanangu, ile mistari niliielewa. Yale mambo nilikuwa nayabishania na baba tangu nikiwa mdogo, kwa nini akina mama wa Dunga wanauza kwa bei hii siku ambayo Port Victoria wanauza kwa bei ile, wakati ziwa ni moja. Sikujua kwamba ubishi huo una kozi. Nilidhani uchumi ni watu wenye suti wakisoma bajeti kwenye televisheni.

Jioni Mama Zuhura aliniuliza, "Umeonaje?"

"Kuna mahali amekosea hesabu. Ukurasa wa arobaini."

Akavua miwani. "Umeona kosa ambalo mwalimu wake hakuliona. Sikiliza basi. Neno lenyewe uchumi limetoka kwenye kuchuma. Wewe unataka kuchuma au unataka kuitwa?"

Nikasema nataka kuchuma.

"Fungua hiyo kompyuta. Badilisha sasa hivi."

Hapo ndipo nilipoharibu, na niliharibu kwa maneno mazuri kabisa. Nikasema, "Mama, wacha nimwambie Baba kwanza. Ni heshima." Nani angekataa? Hata yeye alitikisa kichwa akakubali. "Heshima si utumwa, nenda. Lakini Jumatatu wanafunga mtandao. Jumatatu, Akoth." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita Akoth.

Baba yangu ni fundi wa boti. Anachonga, anaunga mbao, anaziba nyufa, na mwisho anaandika majina. Pale Dunga hakuna anayeandika herufi kama zake. Watu huleta boti zilizoundwa kwingine ili yeye aandike tu. Nilienda Jumamosi asubuhi, nimejipanga njia nzima. Baba, sheria imenikataa lakini uchumi unanitaka. Sentensi moja. Nilikuwa nimeisema kichwani mara nyingi mpaka ikawa na mdundo.

Nilipofika ufuoni nilikuta watu. Nilidhani kuna msiba. Kumbe baba alikuwa amemaliza boti yake mwenyewe, ya kwanza tangu nimjue, maana siku zote aliwaundia wengine. Ilikuwa ya samawati, na ubavuni, kwa herufi nyeupe zenye kivuli chekundu, zenye urefu wa mkono, alikuwa ameandika WAKILI.

Aliniona kabla sijapata pa kujificha.

"Simamisha! Simamisha hiyo redio! Mimi ni baba ya nani?"

"Wakili!" wakajibu.

"Nani?"

"Wakiliii!"

Mjomba wangu wa mbuzi alikuwepo, ameshika chupa ya soda. Akasema, "Nyathina, mwanangu, sema kitu. Boti haiendi majini mwenyewe hajasema. Chuo kimekuita? Sheria imeitika?"

Mwanangu, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kinapona kwa wiki.

Nikasema, "Imeitika."

Hawakusubiri nyingine. Waliisukuma boti majini wakiimba, baba akaingia mpaka kiunoni na suruali yake ya kanisani. Nilisimama pale nikitazama zile herufi zikielea. Nilijiambia nitamwambia wakiondoka watu. Watu waliondoka. Nilijiambia nitamwambia tukila. Tulikula samaki wa ngege, na baba alinichagulia upande usio na miiba. Nikarudi Manyatta na sentensi yangu kichwani.

Jumatatu nilifungua ukurasa wa kubadilisha. Huo ni ukweli, niliufungua. Nikaandika namba yangu ya mtihani. Kozi zangu zikatokea, sheria kutoka juu hadi chini kama nguzo. Nilikuwa na saa nzima, duka halina mtu, mtandao uko sawa. Kubadilisha ni kubonyeza mara tatu. Niliona herufi nyeupe zenye kivuli chekundu. Nikafikiri: nikibadilisha, barua itakuja imeandikwa uchumi, na boti iko majini imeandikwa Wakili. Nikajiambia pengine mashine inayogawa nafasi itanihurumia. Pengine nafasi zitakosa watu, washushe alama. Nikafunga ukurasa.

Mama Zuhura alirudi kutoka msikitini akauliza akiwa bado mlangoni, "Umebadilisha?"

"Nimebadilisha."

"Alhamdulillahi." Akaninunulia mahamri ya moto. Niliyala. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki naona haya.

Orodha ilipotoka, mbele ya namba yangu hapakuwa na chochote. Watu wenye C plas waliitwa biashara, waliitwa uchumi, waliitwa takwimu. Mimi wa B, na A minas ya Hesabu, hapakuwa na kitu, kwa sababu mashine haijui huruma; ilienda kwenye sheria ya kwanza ikagonga, ya pili ikagonga, mpaka ikamaliza ukurasa, ikaniacha nje.

Walifungua tena kwa waliokosa, siku chache tu. Zilizobaki zilikuwa kozi za mabaki, vyuo vya mbali, na diploma chache, moja ya mambo ya fedha hapa hapa mjini. Nadhani ningeipata, na ukimaliza diploma unaingia digrii kwa mlango wa pembeni, wengi wamepita hapo. Lakini nilikuwa nimeshaacha kwenda dukani, nimejificha kwa binamu yangu, mtaa wa Migosi, ili nisiulizwe. Nikasema, Wakili asome diploma? Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Mimi nilikuwa nimesimama wima kama mlingoti. Siku zikaisha.

Kilichofuata Migosi sitakisema kirefu, si nasaha hiyo. Kulikuwa na kijana mwenye maneno, nilikuwa na muda mwingi na hakuna aliyekuwa akinitazama. Mwaka haukuisha nikawa mama. Mtoto simjutii. Huyo kijana hata jina lake sitalitia hapa, karatasi ni ghali.

Nataka nikuambie kuhusu baba.

Wenzangu walianza kuondoka na magodoro na masanduku ya bati. Baba akaja Migosi na koti lake la sherehe. Alidhani anakuja kunisindikiza. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akakataa chai, akasema, "Barua iko wapi, nyathina? Nataka kuisoma."

Nikamwambia. Yote, kutoka kwa B minas mpaka mahamri. Nilikuwa tayari kwa kofi, kwa laana, kwa kilio. Akatazama mikono yake. Mikono ya baba haitoki rangi, iko kwenye kucha siku zote.

"Uchumi walikutaka?"

"Walinitaka."

"Na hukubadilisha kwa sababu ya boti?"

"Ulikuwa umeshaandika, Baba."

Akaniangalia kama mtu asiyeelewa lugha anayosemeshwa. "Akoth. Mimi ni fundi. Rangi ninayo. Ungeniambia ningeandika jina lingine. Ni kazi ya asubuhi moja."

Akainuka akaenda.

Nimebeba maneno hayo miaka tisa. Kofi ningelisahau. Kitu nilichokiogopa kuliko kupoteza chuo kikuu kilikuwa brashi moja na mkebe wa rangi.

Wiki hiyo hiyo aliisugua boti kwa msasa na kuandika upya. AKOTH. Kwa herufi zile zile, nyeupe na kivuli chekundu. Wakili ina herufi sita na Akoth ina tano, kwa hiyo ile I ya mwisho aliifunika kwa samawati peke yake. Jua likiwa kali na mbao zikikauka, inaonekana bado, mstari mmoja uliosimama pembeni ya jina langu. Baba anasema ataipiga rangi tena. Namwambia aiache.

Kwa Mama Zuhura nilirudi na mtoto mgongoni, miezi mingi baadaye, kuomba kazi. Alikuwa ameshasikia. Alimpokea mtoto kwanza, akamshika kichwa, akamsomea dua. Kisha akaniambia bila kupandisha sauti, "Mimi hukunidanganya. Mimi nilikula mahamri nikalala. Umeidanganya ile A yako, mwanangu, na yenyewe haikuwa imekukosea kitu." Halafu akanionyesha mashine mpya ya kutoboa na jinsi ya kutokukata kidole. Tangu siku hiyo sijaondoka. Yeye sasa magoti hayamruhusu, anakaa nyumbani Kaloleni, na mimi ndiye ninayebaindi.

Nabaindi za sheria, za biashara, za uchumi, za fedha. Boksi lipo chini ya kaunta. Nimesoma mengi humo, na nikiona kosa la hesabu nawaambia, wengine wanashukuru, wengine wananiuliza wewe ni nani. Watu wa Manyatta wakipita wanapiga kelele, "Wakili! Nitolee kopi mbili!" Wanafunzi wa sheria wenyewe wanacheka wakidhani ni utani wa jina. Mimi natoa kopi mbili.

Hasira yangu haiko hapo. Hapo nimeshazoea. Hasira yangu ni ya mwezi uliopita, kwenye harusi ya binamu. Binti yangu, Hawi, alimfunga mtoto mwenzake kidole kilichokwaruzwa, kwa leso, vizuri tu. Mjomba wa mbuzi, sasa ameota mvi na hajaota akili, akanyanyua mkono. "Simamisha muziki! Mmeona? Huyu ni daktari! Daktari Hawi!" Na watu wakaanza kushangilia. Nikamwona mtoto wangu ananyoosha shingo, anatabasamu, ananiangalia kama nami nashangilia.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wapishi: "Anaitwa Hawi. Ana miaka minane. Ana jina. Anayetaka daktari aende hospitali."

Kisha mjomba akasema, "Eh! Wakili amekasirika leo!"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Hata hasira yangu waliivisha cheo. Ni baba peke yake ambaye hakucheka. Alitoka kwenye kiti chake, akaenda akamshika Hawi mkono, akamwambia, "Twende ufuoni, Hawi. Utaniambia boti ipi ni nzuri." Akamtoa pale.

Sasa sikiliza, mwanangu, uliyekuja na simu yako na namba yako ya mtihani. Nitasema wazi ili usiseme hukuambiwa.

Soma karatasi yako kabla hujasikiliza mdomo wa mtu. Karatasi haikupendi wala haikuchukii, inakuambia tu ulivyofanya. Ukiwa na lugha na subira ya kusoma kurasa mia za maandishi madogo, nenda sheria, na uende kwa moyo mkunjufu. Lakini usiende kwa sababu ulishinda kesi ya mbuzi. Ukiwa unaona namba zinaongea, nenda uchumi, usiogope jina, humo ndani kuna omena na kuna akina mama wa soko. Ukiwa unapenda kujua kwa nini mteja anahama, biashara inakungoja. Ukiwa mtu wa kufikiria hatari kabla haijafika, kuna fedha na bima. Hujui kilicho ndani? Uliza. Njoo hapa, boksi liko wazi. Wengi huchagua jalada, mimi nawaambia ndani kuna miaka minne.

Usijaze ukurasa mzima kwa ndoto moja. Mtu anayegonga nyumba moja tu mtaani na mvua inanyesha, akilowa asilaumu mvua.

Usione haya kuanzia diploma. Mkataa pema pabaya panamwita, na mimi najua anwani ya hapo pabaya.

Na mtu akikuuliza, "Umebadilisha?" naye ndiye aliyekushika mkono mpaka mlangoni, mwambie ukweli hata kama unanuka. Mficha uchi hazai, wanasema. Mimi nilizaa, lakini si nilichokusudia wakati ule.

Nanyi wazazi mnaosoma juu ya bega la mtoto, nawaona. Msimpe mtoto cheo kabla hajapata meno ya kukitafuna. Msifuni kwa alichofanya jana, si kwa mtakachojivunia mazishini kwa watu. Kama mlishaandika jina, mwambieni leo, kabla mtandao haujafungwa: rangi ipo, na ni kazi ya asubuhi moja. Pengine anangoja kusikia hilo tu.

Mwanangu, Nyasaye akupe macho ya kuona A yako hata kama hakuna anayeipigia makofi. Akupe mtu wa kukuuliza swali gumu mchana kweupe, na akupe ulimi wa kumjibu. Jina ulilozaliwa nalo likutoshe mpaka utakapojiongezea lingine kwa mkono wako. Na ukifika kwenye ule ukurasa, ukiwa peke yako, kidole kiko juu ya kitufe, Mungu akisukume.

Haya, leta namba yako ya mtihani. Na jina lako. Lile la mvua, la asubuhi, lolote ulilopewa siku ile ulipolia mara ya kwanza. Tuandike hilo.